Uliza Mwalimu: Losheni ya jua ikiingia mtoni

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Amani. Wageni wangu wakishachoka kutembea msituni hupenda kujitosa kwenye vidimbwi vya chini ya maporomoko. Kabla ya kuingia wanajipaka losheni ya jua nyingi, na wakitoka unaona utando wa mafuta unaelea juu ya maji. Juzi mgeni mmoja alimzuia mwenzake asiingie, eti losheni yake inaua matumbawe. Nikabaki nashangaa, maana huku mlimani hakuna matumbawe, kuna vyura, kaa na visamaki. Je, hao nao wanadhurika? Na wageni niwaambieje bila kuwaudhi?
*Mwongoza watalii, Amani*

Marahaba, mwanangu. Huyo mgeni wako amesikia nusu ya habari, kama wengi wetu. Habari ya matumbawe ilivuma kuanzia mwaka 2015, wanasayansi walipotangaza kwamba oksibenzoni, dawa moja inayotiwa kwenye losheni ili kuzuia mionzi, inadhuru vichanga vya matumbawe katika maabara. Hawaii wakapitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia kuuza losheni zenye oksibenzoni au oktinoksati, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2021. Palau, visiwa vidogo vya Pasifiki, wakawatangulia kwa mwaka mmoja na kupiga marufuku kemikali kumi kwa mpigo. Zote hizo ni sheria za watu wa baharini, ndiyo maana ukitaja losheni ya jua kila mtu anawaza tumbawe.

Lakini huko Uswisi na Ujerumani, ambako tumbawe utaliona makumbusho tu, walikwisha kuanza kupima maziwa yao tangu miaka ya 1990. Dawa hizo walizikuta majini, na wakazikuta hata kwenye miili ya samaki. Kiangazi, watu wanapojaa ufukweni mwa ziwa kuogelea, kipimo kilipanda. Baridi ikiingia kilishuka. Kiasi kilikuwa kidogo sana, kinahesabiwa kwa nanogramu katika lita moja, na nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Kwa hiyo mambo mawili ni kweli kwa pamoja: losheni inafika kwenye maji baridi, na katika ziwa kubwa inafika kwa kiasi kidogo mno.

Kidimbwi chako si ziwa, na hapo ndipo swali lako lina uzito.

Kwanza tujue kilichomo kwenye chupa. Losheni za jua ni koo mbili. Kuna zile zenye dawa za kunyonya mionzi: oksibenzoni, oktinoksati, oktokrileni, avobenzoni na ndugu zao. Hizi zinapenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana zinaelea kama ulivyoona, na ndiyo maana zinaweza kujihifadhi kwenye mafuta ya samaki. Oksibenzoni ikiwa nyingi majini huvuruga homoni za samaki. Maabara wameliona hilo kwa samaki waliowekwa kwenye mamia ya mikrogramu kwa lita, na mikrogramu moja ni nanogramu elfu moja. Kisha kuna losheni za madini, zenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani. Hizo ndizo zinazomwacha mgeni amepauka uso mzima, na ndizo zinazouzwa kwa sifa ya kutodhuru mazingira.

Sasa chukua chaki. Mtu mzima akijipaka mwili mzima inavyotakiwa anamaliza gramu 30 hivi. Losheni ikiwa na oksidi ya zinki asilimia 20, hiyo ni gramu 6 za oksidi, na ndani yake zinki yenyewe ni gramu 4.8. Tuseme robo inabaki majini: gramu 1.2. Wageni kumi: gramu 12. Kidimbwi cha mita 10 kwa 10 chenye kina cha mita 1 kina lita 100,000. Gawanya. Unapata mikrogramu 120 za zinki katika kila lita.

Wamarekani, kwa ajili ya kulinda viumbe wa maji baridi, wameweka kikomo cha zinki iliyoyeyuka kuwa mikrogramu 120 kwa lita. Umeona? Wageni kumi tu, na umefika mlangoni. Tena kikomo hicho ni cha maji yenye ugumu wa miligramu 100 kwa lita. Maji yakiwa laini, yenye ugumu wa 50, kikomo kinashuka hadi 65 hivi, maana kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa na kwenye maji magumu, inashindana na zinki kuingia kwenye matamvua ya samaki. Pasipo kalisi, zinki inapita bila kizuizi.

Nilipokuwa nafundisha kemia nilikuwa nawaagiza wanafunzi walete maji ya kwao katika chupa za soda. Wa Amboni walileta ya visima vya kwenye mawe ya chokaa; unakwangua sabuni ndani, unatikisa, unapata ukoko mweupe na povu la kuhesabu. Aliyetoka Amani akitikisa mara mbili, povu linamwagika mezani. Milima ya Usambara ni mawe magumu ya kale yasiyotoa chokaa nyingi, na maji yake ni laini. Kwa hiyo zinki ileile ambayo kambale wa Amboni angeivumilia inaweza kumsumbua mdudu wa maji wa huko kwako.

Usiende kuwatangazia wageni hesabu hii kana kwamba ni kipimo cha maabara. Si zinki yote inayoyeyuka, nyingine inazama na kulala kwenye mchanga. Watu wengi hujipaka nusu ya kinachotakiwa, wengine robo. Na kubwa kuliko yote, maji yako yanatembea. Mto ukiwa na nguvu, kidimbwi kinajisafisha kabla wageni hawajamaliza kuvaa viatu. Hofu yangu iko kwenye Januari na Februari, maji yanapokuwa kamba tu juu ya mwamba na kidimbwi kimetulia, huku makundi ya wageni yakipishana. Hapo anayebeba mzigo ni yule mdogo kabisa: dafnia na wenzake, vidudu vya milimita chache vinavyochuja maji mchana kutwa, na viluwiluwi. Vyura wa Usambara Mashariki wengine hawapatikani popote pengine duniani. Chura anapumua kwa ngozi, kwa hiyo kilichomo majini kinaingia mwilini mwake bila kupitia mdomoni.

Na hiyo titani? Haiyeyuki karibu kabisa. Huko Vienna waliichunguza kwenye maji ya Mto Danubi wa zamani, mahali watu wanapoogelea, wakaona chembechembe za losheni zinashuka chini kwenye tope. Kwa kidimbwi kidogo ningeichagua hiyo kabla ya zinki, kama lazima uchague.

Lakini mwanangu, kwa nini uchague? Mko msituni. Miti ya Amani inafunika anga, mgeni anatembea kivulini asubuhi yote, losheni ni ya nini? Anajipaka kwa mazoea ya ufukweni. Kwa hiyo usimpe somo la mazingira, mpe utaratibu. Unapowapokea asubuhi getini Zigi, waambie: leo tunaoga mtoni, basi losheni tutapaka tukishatoka majini, na anayeogopa jua aingie na fulana ya mikono mirefu. Hakuna atakayeudhika. Ukisubiri umwambie akiwa tayari amejipaka na amevua shati, hapo utaudhi, na umechelewa. Tena losheni iliyopakwa dakika mbili kabla ya kujitosa haimfai hata mwenyewe. Inataka kama robo saa ikae kwenye ngozi, vinginevyo inamkinga samaki.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. Angalia dawa ya mbu. Wageni wengi huvaa nguo zilizotiwa pemetrini, na pemetrini kwa samaki na wadudu wa maji ni sumu kali, iko mbali mno na losheni ya jua. Mgeni akisuuza suruali yake ya msituni kwenye kidimbwi chako, hapo upige kelele.

Mwalimu, shikamoo. Nina mtoto wa kike wa miaka sita mwenye ualbino. Tunapewa mafuta ya kuzuia mionzi kliniki, nampaka kila siku. Kwenye kikao cha akina mama dada mmoja alisema ameona kwenye simu kwamba mafuta haya yanaharibu maji, na akanitazama mimi, kwa kuwa huwa namwogesha mtoto kijitoni jioni. Tangu siku hiyo nampaka kidogo kidogo, na roho haitulii. Nifanyeje?
*Mama, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Kuanzia kesho asubuhi mpake kama ulivyokuwa unampaka. Jaza kiganja, masikio yasisahaulike, na shingo ya nyuma, na mgongo wa mikono na miguu. Hilo kwanza, halafu ndiyo tuzungumze.

Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 hivi ana ualbino, kwa makadirio yanayotumika zaidi, na kinachowaua mapema wengi wao ni saratani ya ngozi, ugonjwa ambao kwao huanza na kidonda kidogo kisichopona. Ngozi ya binti yako haina melanini ya kumkinga. Mimi na wewe tumezaliwa na losheni yetu ndani. Yeye lazima apakwe. Mafuta yale kwake ni dawa, na hakuna mtu anayemwambia mama wa mtoto mwenye kisukari apunguze insulini kwa ajili ya mazingira.

Na tuone basi uchafu wake ni kiasi gani. Mtoto wa miaka sita anatumia sehemu ndogo ya kile anachotumia mtalii, na sehemu kubwa inaishia kwenye nguo zake na shuka. Zinki anayoiacha kijitoni, kama mafuta yake yana zinki, weka pembeni ya zinki inayotoka kwenye mapaa ya bati. Bati jeupe limepakwa zinki ili lisishike kutu, na mvua ikinyesha inaondoka nayo kidogo kidogo. Maji ya bati yanaweza kuwa na miligramu nzima za zinki kwa lita, yaani mara nane na zaidi ya kile kikomo nilichomwandikia kijana wa Amani. Tairi za magari nazo zimetiwa oksidi ya zinki, na vumbi lake linashuka mitaroni kila mvua inaponyesha. Dada aliyekutazama kwenye kikao, nina hakika nyumba yake ina bati na alikuja na bodaboda.

Kama anatafuta wa kumkemea kijitoni, wapo. Yupo anayeosha pikipiki katikati ya maji, oili inatiririka. Wapo wanaofua kwa sabuni ya unga, na sabuni hiyo inaondoa ule ute unaolinda matamvua ya samaki. Wapo wanaosuuza vyandarua vyenye dawa mtoni, na ile dawa ni ndugu wa pemetrini. Karatasi inayokuja na chandarua inasema kisifuliwe mtoni, ila karatasi hiyo watu huitupa kabla ya kufungua kamba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye maji ambamo shughuli za kudhuru haziruhusiwi. Nenda kapime mita 60 kutoka kijito chenu uone kuna nini.

Ushauri wangu wa kijitoni ni mmoja, na ni kwa ajili ya mtoto kuliko kijito. Mwogeshe nyumbani kwenye beseni, jua likishazama, na maji yale yamwage shinani kwa migomba. Udongo unazishika dawa hizi na zinki vizuri, na migomba haitadhurika kwa maji ya mtoto mmoja. Kijitoni jioni mapema bado kuna mwanga wa kumchoma, na maji yenyewe yanaakisi jua usoni.

Halafu nguo. Hapa ndipo mama unapoweza kupunguza mafuta bila kumpunguzia kinga. Sare yenye mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa karibu. Kiinue uelekeze juani, kama unaona vidole vyako upande wa pili hakifai. Kofia yenye ukingo mpana wa kuzunguka mpaka nyuma, si kapelo, kapelo inaacha masikio. Sketi ndefu na soksi. Palipofunikwa hapahitaji kupakwa, kwa hiyo chupa inadumu zaidi, na chupa zenyewe hazipatikani kila siku. Mwambie mwalimu wake asimweke kwenye mstari wa kukagua uwanja wala michezo kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Akikataa, mwombe akuandikie kukataa kwake. Huwa hawaandiki.

Kama kliniki yenu wakikosa, uliza Chama cha Watu wenye Ualbino. Ipo losheni ya Kilisun, inatengenezwa hapahapa nchini, Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ngozi kama ya binti yako na kwa jua letu, na hugawiwa bure kupitia kliniki.

Mwalimu, mimi huogelea Raskazone kila Jumapili. Duka moja mjini limeniuzia losheni kwa bei mara mbili kwa sababu kopo lina picha ya samaki na maneno kwamba ni salama kwa matumbawe. Nimeliwa?
*Mwogeleaji, Chumbageni*

Jirani, picha ya samaki haina sheria nyuma yake. Hata Marekani hakuna ofisi inayosema maneno hayo yana maana gani. Kila kiwanda kinajiandikia. Geuza kopo, soma orodha ya viambato kwa herufi ndogo. Kama hakuna oksibenzoni wala oktinoksati, wametimiza sheria ya Hawaii, basi. Mara nyingi utakuta mahali pake wametia oktokrileni, ambayo nayo inachunguzwa: losheni yenye oktokrileni ikikaa muda mrefu hujitengenezea benzofenoni, kitu kisichotakiwa kwenye ngozi wala majini.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifumbua fumbo la oksibenzoni na matumbawe. Kiumbe anaimeza, anaiunganisha na sukari ili aitoe mwilini, na kile kilichounganishwa kinageuka sumu kinapopigwa na jua. Kinga inakuwa silaha. Ile miani inayoishi ndani ya tumbawe humsaidia kwa kuihifadhi sumu, kwa hiyo tumbawe lililokwisha kupauka kwa joto ndilo linaloumia zaidi. Mwaka huohuo Akademia za Kitaifa za Marekani zikaitaka serikali yao ipime hatari ya dawa hizi zote kwa viumbe wa majini, na walitaja maji baridi sawasawa na bahari.

Kwa Raskazone sitakunyima usingizi. Bahari ya Tanga inapwa na kujaa mara mbili kila siku, inachukua losheni yako na kuisambaza. Matumbawe yetu yaliumizwa na baruti za wavuvi haramu kwa miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 na yaliyofuata. Losheni ya waogeleaji wa Jumapili iko mwisho wa foleni hiyo. Ninachotaka ufikirie ni nyumbani, ukioga. Sehemu kubwa ya losheni haitoki baharini, inatoka bafuni kwa sabuni. Kama maji ya bafuni kwako yanaingia kwenye shimo, sawa. Kama yanatoka kwa bomba nyuma ya ukuta na kuangukia mtaroni, na Chumbageni nawaona wengi, basi umeitoa losheni kwenye bahari kubwa na kuipeleka kwenye mtaro ambao hauna hata maji ya kuizimua. Vaa fulana ya kuogelea yenye mikono, ubaki na uso na miguu ya kupaka. Pesa iliyobaki kanunue mihogo ya kukaanga pale nje.

Bibi yangu anasema liwa inatosha, na mafuta ya nazi. Hawakuwa na makopo na ngozi zao zilikuwa nzuri.
*Mjukuu, Makorora*

Bibi yako ana ngozi nzuri kwa sababu ana melanini, na kwa sababu saa saba mchana alikuwa ndani amepumzika, si juani anapiga picha. Liwa iliyosagwa kwenye jiwe na marashi inapendeza, inapoza, na kwa kuwa inakauka usoni kama ukoko inazuia jua kidogo. Mafuta ya nazi yanazuia kidogo zaidi ya sifuri. Kwa ngozi yako nyeusi, siku ya kawaida, yanatosha na mto hautakuwa na kesi na wewe. Kwa mwenye ualbino, au aliyetumia mikorogo mpaka ngozi ikawa nyembamba, hayatoshi kabisa. Na wewe wa mikorogo ukinisoma, acha hiyo kwanza. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya hizo krimu ni mbaya kwa figo zako na kwa maji kuliko kila kitu kilichotajwa kwenye ukurasa huu.

Maji ya bomba tunayokunywa mjini yanatoka Mabayani, na Mabayani inapokea Mto Zigi kutoka Amani. Ina maana tunakunywa losheni ya watalii?
*Msomaji mwenye wasiwasi, Ngamiani*

Kwa hesabu ndiyo, kwa maana hapana. Gramu chache zinazotoka kwenye vidimbwi vya Amani zinasafiri mto mzima, zinapigwa na jua, zinaliwa na bakteria, zinashikwa na tope, halafu zinaingia kwenye bwawa. Kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba unaingiza oksibenzoni nyingi zaidi mwilini ukijipaka mkono mmoja. Wamarekani walipopima mikojo ya watu wao mwaka 2003 na 2004, waliikuta kwa watu 97 katika kila 100, na hawakuinywa bombani, waliipaka.

Mzigo wa Mabayani ni tope. Shamba likilimwa mpaka ukingoni mwa Zigi, udongo unashuka na mvua, bwawa linajaa, na kusafisha maji kunapanda bei. Ndiyo maana mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikishirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa kule juu, kwenye Zigi na Kihuhwi, waache ukanda wa miti kando ya mto. Na kila wachimbaji wadogo wa dhahabu wanapovamia vyanzo vya milimani, hapo ndipo mimi nachemsha maji huku nimekasirika, maana dhahabu ndogo ndogo hukamatwa kwa zebaki, na zebaki haichemki ikaisha.

Mwalimu, nina nyumba ya wageni Pangani. Wageni wakiondoka huacha chupa za losheni, nyingine zimejaa nusu. Wafanyakazi wangu wanazimimina kwenye sinki ili wauze chupa. Ni sawa?
*Mwenye nyumba ya wageni, Pangani*

Si sawa, na ahsante kwa kuuliza. Nusu chupa kwenye sinki ni sawa na wageni wengi kuoga kwa mara moja, na kama shimo lako liko karibu na mto huo mzigo hauna pa kwenda. Wazuie leo.

Weka sanduku. Kila chupa iliyoachwa, angalia tarehe ya mwisho na ile alama ya kikopo kilicho wazi chenye namba ya miezi. Iliyokaa juani dirishani au ndani ya gari wiki nzima, hata kama tarehe bado, ihesabu imekufa. Zilizoharibika zifunge vifuniko, zitie kwenye mfuko, ziende na taka za kawaida; zikiwa ndani ya chupa hazifiki majini upesi. Chupa tupu za kuuza, zifutwe ndani kwa karatasi kwanza ndipo zisuuzwe.

Zilizo nzima, ambazo hazijafunguliwa na zina SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, zipeleke hospitali ya wilaya, uulizie wanaohudumia watu wenye ualbino. Nusu nusu hawatapokea, na wana haki. Hizo nusu waachie wageni wanaofuata kwenye meza ya mapokezi, watumie bure, ili angalau wasinunue nyingine. Ukipata kumi zilizofungwa niandikie, nikuunganishe na mama mmoja wa Muheza.